Kesi Zilianguka kwa Kukosa Daftari

Tangu tarehe 5 Aprili 2016, siku majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walipoisitisha kesi ya William Ruto na Joshua Sang, kuna kauli inayorudiwa Kenya kila haki za binadamu zinapotajwa, iwe redioni, kwenye baraza la chifu au matangani. Watu waliandika, wakaapa, wakasafiri mpaka The Hague, na mwishowe wakapata nini? Kesi ya Uhuru Kenyatta ilikuwa imeshaondolewa na mwendesha mashtaka tangu Desemba 2014. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo ndizo zilizozaa kesi hizo, na hakuna hata hukumu moja iliyotoka The Hague kwa ajili yao. Basi, wanasema, kuandika maovu ni kujaza makabati. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Kauli hii ingekuwa ya wahalifu peke yao ningeipuuza. Lakini wanaisema pia akina mama waliozika watoto, vijana wenye hasira ya haki, na hata mawakili waliokuwa mstari wa mbele zamani, sasa wamechoka. Inastahili kujibiwa kwa uzito. Jibu langu ni kwamba mkasa ule wameusoma kinyume. Kesi za Kenya hazikuanguka kwa sababu watu waliandika sana. Zilianguka kwa sababu yaliyoandikwa mapema na kuhifadhiwa vizuri yalikuwa machache, na mzigo wote ukatwikwa vinywa vya watu walio hai, ambao hutishwa, hununuliwa, huhamishwa na hufa.

Tazama mfuatano wake. Damu ilimwagika kati ya Desemba 2007 na Februari 2008. Idhini ya kuanza uchunguzi wa ICC ilitoka tarehe 31 Machi 2010, miaka miwili imeshapita. Upande wa mashtaka ukajenga kesi juu ya ushahidi wa mdomo, na mashahidi wakaanza kujiondoa mmoja baada ya mwingine. Wengine waliyakana maelezo yao wenyewe, na Februari 2016 majaji wa rufani wakakataa maelezo hayo yasitumike dhidi ya washtakiwa. Katika kesi ya Kenyatta, mwendesha mashtaka alihangaika kutafuta rekodi za benki na za simu, na majaji wakaamua kwamba serikali haikutimiza wajibu wake wa kushirikiana na mahakama. Waliokuwa wakitafutwa mwishoni hawakuwa mashahidi zaidi. Ilikuwa karatasi. Na hata ile kesi ya Ruto na Sang haikuishia kwa kuwatangaza kuwa hawana hatia: majaji waliacha mlango wazi wa kushtakiwa upya, na mmoja wao akaeleza bayana jinsi mashahidi walivyoingiliwa.

Wafanyabiashara wa pwani husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kesi ya mauaji nayo hupotea hivyo hivyo, na atakayefaidika na upotevu huo anajulikana kabla ya siku ya kwanza mahakamani.

Wala hoja ya kwamba karatasi hazina nguvu haijawahi kuaminiwa na wenye makosa. Mwaka 1961, Uingereza ikijiandaa kuondoka katika makoloni yake, waziri wa makoloni Iain Macleod alitoa maagizo kwamba serikali mpya zisikabidhiwe hati zozote ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Huku Afrika Mashariki majalada yalichambuliwa. Yaliyokuwa nyeti yaliruhusiwa kushikwa tu na ofisa ambaye ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Mengine yalichomwa moto, na maagizo yalieleza mpaka namna ya kuyapondaponda majivu. Yasiyochomwa yangeweza kutiwa kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa kwenye maji ya kina, mbali na pwani, mahali pasipo na mkondo. Serikali nzima haiwezi kuhangaika hivyo kwa sababu ya makaratasi yasiyo na maana.

Walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa Hola ilikuwa imeshawafundisha. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, askari wa magereza waliwapiga virungu watu waliokuwa kizuizini waliokataa kazi ya kulazimishwa. Watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema kwamba marehemu walikuwa wamekunywa maji, kisha wakafa. Mtu asome tangazo hilo polepole. Kama mambo yangeishia hapo, watoto wetu leo wangesoma kwamba maji ya Hola yaliua. Kilicholiangusha ni uchunguzi wa maiti: madaktari walizipasua, wakaona majeraha ya kipigo na damu iliyovujia ndani, wakayaandika kama walivyoyaona. Karatasi hizo zikafika kwenye uchunguzi wa kisheria wa vifo, zikafika Bunge la Uingereza Julai mwaka huo huo, na zikawa aibu iliyoharakisha safari ya uhuru. Hakuna aliyefungwa. Lakini tangu siku hiyo hakuna serikali iliyothubutu tena kuyasingizia maji.

Halafu yakapita miaka 50. Mwaka 2009 wazee wachache wa Mau Mau, wanaume kwa wanawake, waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyofanyiwa kambini. Maelezo yao yalikuwa yamekusanywa Kenya kwa uvumilivu mkubwa, kijiji kwa kijiji, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na chama cha wapiganaji wenyewe. Wanahistoria waliosomea kipindi hicho walisisitiza kwamba lazima kuna majalada yaliyofichwa, na mwaka 2011 serikali ikalazimika kukiri: masanduku yapatayo 300 ya Kenya yalikuwa yametulia Hanslope Park, kwenye jengo la serikali lenye ulinzi mkali. Ndani yake kulikuwa na nyaraka za Nairobi za miaka ya 1950, ikiwemo mawasiliano ya mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliyemshauri gavana mwaka 1957 kwamba, kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Serikali ya Uingereza ilijitetea kwa hoja ile ile tunayoisikia leo: muda umepita mno. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa. Kesi ya haki bado inawezekana, alisema, kwa sababu nyaraka ni nyingi mno. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ilisimama bungeni kueleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Miaka mitano baadaye kesi ya wazee wengine zaidi ya 40,000 ilitupwa London, jaji akiona kwamba muda ulikuwa umeudhoofisha ushahidi wa waliotangulizwa kama mfano. Mateso yalikuwa yale yale na mahakama ni zile zile za Uingereza. Anayesema kuandika hakuna faida aziweke kesi hizo mbili pamoja.

Nafahamu wapo watakaosema kwamba hilo lilikuwa suala la Wazungu na mafaili yao, na kwamba haki ya kimataifa ni mradi wa Ulaya wa kuwaandama Waafrika. Hoja hii ina sehemu ya ukweli: kwa miaka mingi orodha ya washtakiwa wa ICC ilikuwa ya Waafrika watupu, na mataifa makubwa yamejiweka nje ya mahakama hiyo kwa makusudi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kuandika maovu si kazi yetu ni kuruka mto mpana. Swali ni nani ameshika daftari, na Chad inatupa jibu.

Hissène Habré aliitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990. Polisi wake wa siri, waliojulikana kama DDS, walikuwa na magereza kadhaa N'Djamena. Moja lilitengenezwa kwenye bwawa la kuogelea la enzi za Wafaransa, lililofunikwa kwa zege na kugawanywa vyumba chini ya ardhi. Mtu mmoja aliyefungwa humo mjini, Souleymane Guengueng, alikuwa mhasibu. Aliona wenzake wakifa kila siku na akaapa kwamba akitoka hai atatafuta haki. Alitoka Habré alipokimbilia Senegal Desemba 1990, na akaanza kufanya alichokijua, kuandika. Yeye na wenzake walikwenda kwa wajane, kwa waliovunjwa viungo, kwa waliokuwa wakiogopa hata kutaja jina la gereza, wakajaza maelezo 792. Maofisa wa zamani wa DDS walipoanza kurudi serikalini na vitisho vikazidi, Guengueng aliyaficha maelezo hayo nyumbani kwake. Yalikaa kwa miaka. Mwaka 2000 yakawa msingi wa mashtaka ya kwanza yaliyofunguliwa Dakar.

Mwaka uliofuata, Mei 2001, watafiti wa haki za binadamu waliingia kwenye makao makuu ya zamani ya DDS wakakuta sakafu imefunikwa na maelfu ya karatasi: orodha za wafungwa, ripoti za mahojiano, vyeti vya vifo. Hakuna aliyejisumbua kuzichoma. Zilipochambuliwa, zilitoa majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia kizuizini, na mawasiliano 1,265 yaliyopelekwa kwa Habré mwenyewe kuhusu wafungwa 898. Mbele ya hesabu hiyo, utetezi wa kwamba rais hakujua yaliyokuwa yakitendwa na wasaidizi wake hauna pa kusimama.

Kuna karatasi moja ambayo ningependa kila anayedharau kazi hii aifahamu. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa limeomba wafungwa wa vita walio wagonjwa wapelekwe hospitali. Juu ya ombi hilo mtu aliandika kwa kalamu kwamba tangu sasa mfungwa wa vita hatatoka gerezani isipokuwa amekufa. Mtaalamu wa maandishi alipolinganisha miandiko, alithibitisha kwamba ule ulikuwa mkono wa Habré. Tarehe 30 Mei 2016, wiki nane tu baada ya ile kesi ya Kenya kusitishwa, mahakama maalumu ya Kiafrika iliyoundwa Dakar kwa makubaliano ya Umoja wa Afrika, ikiongozwa na jaji kutoka Burkina Faso, ilimhukumu Habré kifungo cha maisha. Alikufa mwaka 2021 akiwa bado anatumikia kifungo. Fidia waliyoamuliwa waathiriwa ilicheleweshwa miaka mingi, na hilo ni doa ambalo serikali husika hazina kisingizio nalo. Lakini walioijenga kesi ile ni Wachad. Msaada wa nje uliwakuta wana kazi mikononi.

Hapa jirani, Kivu Kusini nchini Kongo, mambo yalikwenda hivyo pia. Katika kijiji cha Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, watoto wa kike, mdogo wao akiwa na umri usiofika miaka miwili, walikuwa wakiibwa usiku kutoka nyumbani na kubakwa, kati ya 2013 na 2016. Waliokuwa nyuma ya unyama huo ni wanamgambo waliojiita Jeshi la Yesu, wakiongozwa na mbunge wa jimbo, Frédéric Batumike. Mbunge ana kinga na ana pesa, na watu wengi waliamini hatashikwa. Madaktari wa Hospitali ya Panzi walimtibu kila mtoto na kuandika kila jeraha, tena kwa namna moja, hata ikaonekana wazi kwamba yale hayakuwa matukio ya bahati mbaya yaliyotawanyika bali ni mpango. Watoto walihojiwa na mtaalamu, mahojiano yakarekodiwa, na hawakulazimika kusimama mbele ya waliowatenda. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyohamia papo hapo Kavumu iliwahukumu Batumike na wenzake 10 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Majaji walikuwa Wakongo, na hukumu ilisomwa mahali ambapo mama wa mtoto angeweza kufika kwa miguu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la wale wanaosema kazi hii inatonesha vidonda. Ni kweli. Nimekutana na wanawake waliosimulia yale yale kwa shirika moja, kisha la pili, kisha mwandishi wa habari, kisha mtafiti wa chuo, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuwaambia yalikofikia. Huko ni kuwatumia watu. Maelezo yanayokusanywa ovyo yana hatari nyingine pia: yakitofautiana, hata kwa jambo dogo kama rangi ya shati la askari, wakili wa upande wa pili atayaweka meza moja na kumwita shahidi mwongo. Na orodha ya majina ya mashahidi ikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni hukumu ya kifo kwa mtu. Dawa ya uovu huu ni kuandika vizuri: mahojiano machache, yafanywe na aliyefunzwa, kwa ridhaa ya anayehojiwa, majina yatengwe na maelezo, na mtu aambiwe ukweli kuhusu kinachoweza na kisichoweza kupatikana. Kuacha kuandika kunamponya nani? Mtesaji ndiye wa kwanza kupumua.

Turudi Kenya, kwenye hukumu ambayo haikutangazwa vya kutosha. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na manusura wanane wa ubakaji wa wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007. Mahakama iliona kwamba serikali ilishindwa kuwalinda na kuchunguza, ikawapa wanne fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Watatu kati ya hao walikuwa wametendewa na maofisa wa usalama. Wa nne alitendewa na raia, ila alikwenda kuripoti na polisi hawakufanya kitu. Wengine hawakupata, na moja ya sababu ni kwamba hapakuwa na ripoti iliyopigwa polisi.

Naomba msomaji asiwalaumu wanawake hao. Ungeripoti kwa nani, barabara zimefungwa kwa matairi yanayowaka na askari ndio hao hao? Ndiyo sababu kituo cha polisi hakiwezi kuwa mlango pekee. Hospitali ina fomu yake inayojazwa kwa aliyebakwa, na daktari anaweza kuijaza na kuchukua vielelezo kabla ya askari yeyote kuhusika. Muuguzi anayeandika tarehe, saa, mahali pa jeraha na ukubwa wake kwa sentimita, badala ya kuandika tu kwamba mgonjwa ana maumivu, amefanya kazi ambayo wakili hawezi kuifanya miaka saba baadaye. Fomu ya polisi ya P3 iliyojazwa nusu nusu, sahihi haisomeki na sehemu ya umri wa jeraha imeachwa wazi, imewahi kuangusha kesi nyingi kuliko mawakili hodari.

Vijana walioandamana Juni 2024 wanalijua jambo hili kuliko sisi wazee wao. Siku umati ulipofika Bungeni tarehe 25, simu zilikuwa nyingi kuliko bunduki, na kutokana na picha hizo BBC iliweza mwaka uliofuata kuonyesha sare na nyuso za waliofyatua risasi. Lakini sehemu kubwa ya picha za siku hizo sasa haina faida mahakamani. Zimekatwa, zimewekewa muziki, zimepita kwenye WhatsApp, ambako picha hupoteza taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Aliyepiga hajulikani. Tuliziona zote, tukalia, tukazituma mbele, na ile ya kwanza ikafutwa kwenye simu ili kupata nafasi.

Sheria ipo. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2008 Sheria ya Makosa ya Kimataifa, na chini yake uhalifu dhidi ya binadamu unaweza kuhukumiwa Nairobi bila kupanda ndege. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya kwanza ya aina hiyo dhidi ya maofisa wa polisi, kwa yaliyotendwa Kisumu mwaka 2017 katika msako uliomuua mtoto Pendo, aliyekuwa na umri wa miezi sita. Kesi imeahirishwa na kuahirishwa tena, na bado imesimama juu ya uchunguzi wa kifo, ripoti za madaktari na maelezo yaliyochukuliwa wakati majirani bado wanakumbuka nani alivunja mlango gani. Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Roma, ulioiunda ICC, kinasema makosa haya hayana ukomo wa muda.

Kwa hiyo, kama unayo picha ya Juni 2024 au ya siku nyingine yoyote kama hiyo, usiifute. Iache kama ilivyotoka kwenye kamera, nakili nyingine mbili uziweke mahali tofauti, andika kando ulikuwa wapi, saa ngapi, umetazama upande gani, na nani alikuwa nawe. Kama uliumizwa, dai polisi namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, na uiandike mahali pengine mbali na ile karatasi watakayokupa. Ukinyimwa, andika jina la kituo, tarehe, na namba ya askari aliyekunyima. Kisha vyote hivyo mpelekee mtu mwenye ofisi na mwenye dhamana ya kuvitunza, hata kama unaamini kwamba hakuna atakayeshtakiwa mwaka huu.